Vichwa Vidogo

Dirisha namba mbili, Mtaa wa Zanaki.
Nakaa nyuma ya kioo chenye tundu la nusu duara,
kiasi cha mkono kupita, si kiasi cha uso.
Mikono ndiyo ninayoijua:
yenye mafuta ya jua, yenye saa nene,
inayosukuma noti kama inayosukuma kosa.

Leo mkono ulikuwa wa mwalimu.
Chaki haitoki kwenye kucha hata ukistaafu.
Pasipoti ya Malawi: Mphatso Nyirongo.
Nikamuuliza sababu ya safari, fomu inadai.
"Utalii," akasema,
na mlinzi wetu akageuka kumtazama,
maana mtalii tumezoea awe mwekundu puani.

Kwanza akatoa shilingi alizobadilishiwa Kasumulu,
pale mpakani vijana wanapotembea na vikokotoo.
"Nihesabie. Niliambiwa laki tatu."
Kidole gumba changu hakidanganyiki:
noti tatu zimekunjwa katikati,
kila moja imehesabiwa mara mbili, kichwa na mkia.
Laki mbili na sabini.
Hakutukana. Alifumba macho kidogo
kama anayesahihisha daftari la mtoto mvivu.

Kisha akatoa leso,
ndani ya leso bahasha,
ndani ya bahasha dola mia,
moja tu, imenyooka kama kanzu ya Idi.
"Ya marehemu mke wangu. Alipewa na sista wa hospitali
mwaka tulipomzaa kifungua mimba.
Akasema, hii ni ya kuona bahari."

Nikaiinua kwenye taa.
Halali. Uzi upo, wino umekwaruza inavyotakiwa.
Ila mzee wa kwenye noti kichwa chake kidogo,
ndani ya yai dogo, mwaka tisini,
na karatasi iliyobandikwa kiooni,
kwa mwandiko wangu mwenyewe, inasema
VICHWA VIDOGO HATUPOKEI.

"Ni bandia?"
"Siyo."
"Imechanika?"
"Haijachanika, mwalimu. Ni ya zamani."
Akainama mpaka nikauona uso wake kwenye tundu.
"Kumbe hata hela hustaafu," akasema,
"na kiinua mgongo haipati."

Nikamwambia ninayowaambia wote,
haraka haraka, foleni imefika mlangoni:
usibadilishe zote siku moja, risiti itunze,
ukitajiwa bei kwa dola uliza kwa shilingi,
usihesabu barabarani,
na anayekuita rafiki kabla hajakujua jina
mwitikie salamu, miguu isisimame.
Kuna mtu Kariakoo huchukua vichwa vidogo kwa nusu bei.
Hilo sikulisema.
Mpaka sasa sijui nilimhurumia au nilimnyima.

Kwacha zake nilizinunua, kwa bei ya kuona haya.
Akausoma ubao wangu wa taa nyekundu.
"Kununua namba hii, kuuza namba ile.
Iliyo katikati huenda wapi?"
Hesabu ya darasa la tano.
Nikafikiria kodi ya chumba Mbagala,
viatu vya shule vya Rukia, mguu wa mama,
feni hii inayolalamika tangu saa mbili.
Mgeni njoo, mwenyeji apone.
"Katikati," nikasema, "ndipo ninapokaa mimi."
Akatikisa kichwa, kama mtoto kapata nusu ya jibu.

Ijumaa alirudi kuuza shilingi zilizobaki.
Risiti zote anazo, amezipanga kwa tarehe.
"Bahari umeiona?"
Hakujibu. Alipitisha leso kwenye tundu:
ile noti imejikunja, imepauka,
chumvi nyeupe pembeni kama mate ya usingizini.
"Ilikuwa ya kuona bahari," akasema. "Imeona."

Niliishika kwa ncha za vidole, nikamrudishia.
Kwa hali ile hata Kariakoo wasingeipokea.